Antena Kuukuu na Nyota Zilizojificha

Mapema mwaka 1951, aliyepita chini ya maabara ya Lyman katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliweza kuona faneli kubwa ya mbao ikichomoza dirishani, mdomo wake ukielekea mbinguni. Ilikuwa ya plaiwudi, na ndani imevikwa shaba. Mvua iliponyesha, maji yalitiririka hadi ndani ya maabara. Theluji ilipoanguka, wanafunzi waliifanya shabaha ya kurushia madonge ya theluji. Mwenye faneli hiyo alikuwa Harold Ewen, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na mwalimu wake Edward Purcell alikuwa amempatia ruzuku ya dola 500 za kununulia vifaa. Machi 25 mwaka huo faneli ikanasa mawimbi ya redio yenye masafa ya takriban megahezi 1,420. Yalitoka kwenye gesi ya haidrojeni iliyotanda baina ya nyota.

Huo ulikuwa mwanzo wa ufundi unaowawezesha wanaastronomia wa leo kupima joto, mwendo na kemia ya gesi inayozizunguka nyota kubwa changa, mahali ambapo jicho halifiki. Ukiifuata historia yake, kutoka Harvard hadi majangwa ya Chile na vilima vya Afrika Kusini, utakuta jambo moja likijirudia. Mara nyingi hatua kubwa zilipigwa na watu wenye kifaa cha wastani, pengine kilichoachwa na wengine, waliokitega mahali pamoja wakasikiliza bila kuchoka.

Wazo lenyewe lilizaliwa wakati wa vita. Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani, Jan Oort wa Leiden alimpa kijana Hendrik van de Hulst swali: je, kuna gesi yoyote ya angani inayoweza kutoa mawimbi ya redio ya masafa maalumu? Van de Hulst alikokotoa akajibu kwamba haidrojeni inaweza. Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja, na kila moja ina mzunguko wake. Elektroni ikigeuza mwelekeo wa mzunguko huo, atomu hutoa wimbi lenye urefu wa sentimita 21. Atomu moja ikiachwa peke yake husubiri wastani wa miaka milioni 11 kabla ya kugeuka hivyo, lakini mbinguni kuna atomu nyingi mno kiasi kwamba wakati wowote zipo zinazogeuka.

Vita vilipokwisha, Waholanzi walichukua antena ya rada ya Kijerumani aina ya Würzburg, yenye upana wa mita 7.5, wakaielekeza kwenye nyota pale Kootwijk. Wangeweza kuwa wa kwanza, ila moto uliteketeza kipokezi chao na kuwarudisha nyuma. Walilinasa wimbi hilo, au mstari wa spektra kama wanaastronomia wanavyoliita, Mei 1951, wiki chache tu baada ya Ewen, na Waaustralia nao wakalithibitisha. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba.

Thamani ya mstari wa spektra ni hii. Kila aina ya atomu au molekuli ina masafa yake, yasiyobadilika popote ulimwenguni. Gesi ikija upande wetu, masafa tunayoyapokea hupanda kidogo. Ikienda mbali, hushuka. Kwa hiyo mtu aliyeketi mbele ya kipokezi anaweza kujua ni gesi gani, inakwenda kasi gani na upande upi, na kwa kulinganisha mistari kadhaa akajua ina joto kiasi gani. Hahitaji kuiona.

Na nyota kubwa zikiwa changa hazionekani. Wanaastronomia huita nyota kubwa ile yenye masi kuanzia takriban mara 8 ya Jua. Ni chache, tena huishi maisha mafupi: Jua litadumu miaka bilioni 10 hivi, wakati nyota yenye masi mara 20 ya Jua haivuki sana miaka milioni 10. Lakini ndizo zinazotawala galaksi. Mwanga wao huunguza mawingu yaliyo jirani, upepo wao huyasukuma, na zinapolipuka mwishoni humwaga sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta leo. Tatizo ni kwamba nyota ya aina hii hukua haraka hata ikaanza kuchoma haidrojeni yake ingali imefunikwa na vumbi zito lililoizaa. Vumbi hilo huzuia mwanga wa kawaida. Mawimbi ya redio, kwa kuwa ni marefu kuliko chembe za vumbi, hupita.

Hatua ya kwanza ya kuzifikia ilitoka kwenye gesi iliyokwisha kuunguzwa. Mwaka 1959 Nikolai Kardashev wa Umoja wa Kisovyeti alitabiri kwamba elektroni zinazorudi kwenye protoni karibu na nyota zenye joto kali zitatoa mistari ya redio. Mwaka 1964 Wasovyeti walitangaza kuiona, na mwaka 1965 Bertil Höglund na Peter Mezger wakaipata waziwazi kwa antena mpya ya mita 43 iliyoko Green Bank, jimbo la West Virginia. Antena zilielekezwa kwenye nebula kama Orioni, ambako gesi ina joto la takriban nyuzi 10,000. Hiyo, hata hivyo, ilikuwa gesi ya nyota zilizokwisha kutoboa vumbi lao. Zilizobaki ndani bado zilikuwa siri.

Siri hiyo ilianza kufichuka kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1963 Sander Weinreb na Alan Barrett, pamoja na wenzao, walikuwa wamegundua molekuli ya haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja, katika masafa ya megahezi 1,665 na 1,667. Ndiyo molekuli ya kwanza kupatikana kati ya nyota kwa redio. Miaka miwili baadaye Harold Weaver na kundi lake la Berkeley, California, walielekeza antena ya Hat Creek kwenye maeneo yanayozaa nyota kubwa, wakakumbana na mistari myembamba yenye nguvu ya ajabu. Haikulingana na chochote walichokitarajia. Waliuita mmoja wao “mysterium”, kana kwamba wamegundua kitu kisichokuwamo katika vitabu vya kemia.

Kumbe ilikuwa haidroksili ileile. Wembamba wa mistari ulionyesha gesi baridi, ilhali ung'avu wake ulikuwa kama wa kitu chenye joto la mabilioni ya nyuzi. Maelezo pekee yaliyosimama ni kwamba mawingu yale yalikuwa yakikuza mawimbi yenyewe kwa yenyewe: wimbi moja likipita kwenye molekuli zilizojazwa nishati hutoa mengine yanayofanana nalo. Hii ndiyo maseri, na Charles Townes alikuwa ameitengeneza maabarani katika Chuo Kikuu cha Columbia kwa kutumia amonia katika miaka ya 1953 na 1954, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Binadamu aliibuni kwa jasho, akaja kugundua kwamba anga imekuwa nayo tangu zamani, pembezoni mwa nyota kubwa zinazozaliwa.

Townes mwenyewe alihamia Berkeley mwaka 1967 akiwa na shauku ya kutafuta molekuli nyingine. Baadhi ya wanaastronomia walimwambia anapoteza muda. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: miale ya urujuanimno ya nyota huvunja molekuli, na gesi ya angani ni nyembamba mno kiasi kwamba molekuli zenye atomu tatu au nne hazingekutana za kutosha kujengeka. Townes aliungana na Jack Welch, David Rank na wanafunzi wao, akiwamo Albert Cheung, wakatumia antena ndogo ya mita 6 pale pale Hat Creek. Mwaka 1968 walipata amonia upande wa kitovu cha galaksi. Muda mfupi baadaye walipata maji, katika masafa ya megahezi 22,235, nayo yakawa maseri kali katika Orioni na W49. Watu waliambiwa hakuna kitu, wakatega antena ya mita 6, wakakuta maji.

Amonia inastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndiyo iliyokuja kuwa kipimajoto cha mawingu haya. Molekuli yake ina atomu tatu za haidrojeni zilizokaa pembetatu na atomu moja ya naitrojeni juu yake. Naitrojeni hiyo haitulii. Huvuka katikati ya pembetatu ikatokea upande wa pili, kama mwavuli unaopinduliwa na upepo na kurudi, mara bilioni 24 hivi kwa sekunde. Masafa hayo hubadilika kidogo kutegemea molekuli inazunguka kwa nguvu kiasi gani. Molekuli zinazozunguka kwa nguvu zikiwa nyingi, gesi ina joto; zikiwa chache, gesi ni baridi. Kipokezi kimoja huweza kupokea mistari hiyo yote kwa pamoja, hivyo makosa ya antena hayaharibu ulinganisho. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba mawingu mengi ya kawaida yana joto la nyuzi 10 hadi 20 tu juu ya sifuri halisi, lakini ukiikaribia nyota kubwa inayojengeka hukutana na viini vya gesi vyenye nyuzi zaidi ya 100.

Mwaka 1970 ukaleta molekuli iliyobeba kazi kubwa kuliko zote. Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walichukua kipokezi kilichotengenezwa Bell Labs, wakakifunga kwenye antena ya mita 11 iliyoko Kitt Peak, Arizona, na kuielekeza Orioni. Waliona kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa, katika masafa ya gigahezi 115. Haidrojeni ya molekuli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mawingu, haitoi mistari ya redio ikiwa baridi. Kaboni monoksidi huandamana nayo kila mahali, kwa hiyo ikawa ndiyo shahidi wake. Ramani za mawingu makubwa ya galaksi yetu zilichorwa kwa mstari huo.

Kufikia mwaka 1976 mstari uleule ulionyesha katika Orioni gesi inayokimbia kwa makumi ya kilomita kwa sekunde. Waliotarajia kuona gesi ikianguka kwenye nyota walishangaa kuona ikitupwa nje. Miaka minne baadaye, kwenye nyota ndogo iliyo katika wingu la L1551, ilidhihirika kwamba gesi hutoka kwa pande mbili zinazokabiliana. Leo inafahamika kwamba nyota changa, kubwa kwa ndogo, hula na kutapika kwa wakati mmoja.

Kwa nyota kubwa, kule kula kwenyewe kulikuwa fumbo. Mwaka 1974 Franz Kahn wa Manchester alikokotoa kwamba mwanga wa nyota ukifikia nguvu fulani utalisukuma vumbi linaloingia, na gesi itarudishwa. Kwa hesabu zake nyota isingeweza kuvuka masi mara 40 ya Jua. Lakini nyota kubwa kuliko hapo zipo, na zinaonekana. Jibu lililopendekezwa ni kwamba gesi haishuki kutoka kila upande. Hukaa katika sahani inayoizunguka nyota, na mwanga hupenyea juu na chini, mahali pasipo na kizuizi. Jibu lilikuwa zuri, ila lilihitaji ushahidi.

Ushahidi ulisubiri ALMA, mkusanyiko wa antena 66 uliozinduliwa mwaka 2013 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, kimo cha mita 5,000, mahali ambapo mvuke wa maji hewani ni mdogo mno. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Katharine Johnston wa Chuo Kikuu cha Leeds lilitumia mistari ya molekuli iitwayo methili sianidi kuitazama nyota AFGL 4176, yenye masi takriban mara 25 ya Jua. Upande mmoja wa sahani ulikuwa ukija, mwingine ukienda, na kasi ilipungua kadiri gesi ilivyokuwa mbali na nyota, kwa kanuni ileile inayoendesha sayari za Jua. Mwaka 2019 Adam Ginsburg na wenzake walipata katika sahani ya nyota moja ya Orioni, iitwayo Source I, mistari ya chumvi, ileile tunayotia kwenye mchuzi.

ALMA ni kifaa cha gharama kubwa kilichojengwa na mataifa mengi, nacho kimeleta picha ambazo hakuna antena moja ingeweza kuzileta. Lakini hakiwezi kukodolea macho nyota moja mwaka baada ya mwaka, kwani foleni ya wanaokihitaji ni ndefu. Hapo ndipo Afrika inapoingia katika historia hii.

Mwaka 1961 shirika la NASA lilijenga antena ya mita 26 Hartebeesthoek, kwenye bonde lililo kiasi cha kilomita 50 magharibi mwa Johannesburg, kwa ajili ya kuwasiliana na vyombo vilivyokwenda Mwezini na kwenye sayari. Katikati ya miaka ya 1970 Wamarekani waliondoka wakaiacha. Afrika Kusini iliichukua ikaifanya darubini ya redio. Bati lake la awali lenye matundu lilibadilishwa, likawekwa lililoziba ili liweze kupokea mawimbi mafupi zaidi. Mwaka 2008 beringi yake kubwa ilikwama na antena ikasimama. Wengi waliamini ndio mwisho wake. Mafundi waliibadilisha, na mwaka 2010 ikarudi kazini.

Kazi yake kuu katika uwanja huu ilitokana na methanoli, spiriti ambayo imepofusha na kuua watu wengi Afrika Mashariki ilipotiwa kwenye pombe haramu. Mwaka 1991 Karl Menten, akitumia antena ya mita 43 ya Green Bank, aligundua kwamba methanoli inatoa maseri kali sana katika masafa ya megahezi 6,668.5. Ugunduzi huo ulikuwa na sifa moja ya kipekee: maseri hizi hupatikana tu kwenye nyota kubwa changa. Ukiinasa, umeipata nyota, hata kama hakuna darubini ya mwanga inayoiona. Msako uliofanywa kwa antena ya Parkes, Australia, kuanzia mwaka 2006 ulikusanya zaidi ya machimbuko 900 katika galaksi yetu. Kwa kupima mahali pa maseri kama hizo na za maji kwa antena zilizotengana maelfu ya kilomita, kundi la Mark Reid lilichora mikono ya galaksi, na mwaka 2019 likakadiria kwamba tuko umbali wa miaka ya nuru 26,600 hivi kutoka kitovuni.

Huko Hartebeesthoek walichagua kazi nyingine: kurudia. Kwenye skrini ya mtafiti chimbuko moja huonekana kama safu ya vilele vyembamba, kila kimoja kikiwa ni fungu la gesi lenye kasi yake. Kusogea kwa kilohezi 22 tu ni tofauti ya kilomita moja kwa sekunde. Sharmila Goedhart na wenzake walipima vilele hivyo mara kwa mara kwa miaka kadhaa, na mwaka 2003 wakatangaza jambo ambalo halikuwahi kuonekana: chimbuko moja, G9.62+0.20E, lilikuwa likiwaka na kufifia kwa zamu ya takriban miezi 8, bila kukosea. Kuna kitu karibu na nyota ile kinachokwenda kwa kalenda. Mwanasayansi anayepewa usiku mmoja tu kwenye darubini kubwa asingeligundua hilo kamwe.

Mwaka 2015 subira hiyo ililipa zaidi. Mwanzoni mwa Januari maseri za NGC 6334I, katika kundinyota la Nge, zilianza kupanda. Gordon MacLeod na wenzake walizifuatilia Hartebeesthoek, wakaona mistari 10 ya methanoli, haidroksili na maji ikiwaka pamoja. ALMA ilipoelekezwa huko ilikuta vumbi la moja ya nyota zake limeng'aa takriban mara nne kuliko awali. Nyota ilikuwa imemeza bonge kubwa la gesi kwa mkupuo. Katika kipindi hicho hicho nyota nyingine, S255 NIRS3, ilifanya vivyo hivyo, na ikaeleweka kwamba nyota kubwa hazili polepole tu. Kuna nyakati hubugia. Mwaka 2017 waangalizi wa nchi mbalimbali waliunda umoja wa kupeana taarifa. Januari 2019 Wajapani wa Ibaraki walipotoa habari kwamba G358.93-0.03 imeanza kuwaka, antena za dunia nzima ziligeuka, na wimbi la joto likaonekana likisambaa kwenye gesi kwa kasi ya asilimia 4 hadi 8 ya kasi ya nuru.

Somo hilo halikubaki Afrika Kusini. Ghana iligeuza antena yake ya zamani ya mawasiliano ya setilaiti, yenye upana wa mita 32, pale Kuntunse. Mwaka 2017 ilipotangazwa kuwa imefanikiwa, miongoni mwa vitu vya kwanza ilivyovinasa ni maseri za methanoli. Kenya nayo ni mmoja wa washirika wa mtandao wa antena za Afrika, na kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa, chenye antena ya aina hiyo, kimo katika mipango ya kugeuzwa. Vijana wa Kenya wamekuwa wakifundishwa astronomia ya redio kupitia mradi wa DARA, unaoongozwa na Melvin Hoare wa Leeds, ambaye utafiti wake mwenyewe ni wa nyota kubwa changa.

Kwa hiyo kazi ipo, na haihitaji kusubiri mabilioni ya ALMA. Longonot iko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo Orioni na Nge ya kusini zote hupita juu vizuri, na upande wa mashariki ya bara hapajawa na sikio la kutosha. Wizara, vyuo vikuu na kampuni za mawasiliano zinazomiliki antena zilizostaafu zinapaswa kukaa meza moja na kuamua. Antena hizo ziwekewe vipokezi, wapewe vijana waliokwisha kusomeshwa, na waachwe wasikilize megahezi 6,668.5 kwa miaka kumi mfululizo.